Gesi Halali Hainuki

Msemaji wa familia alikuwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa uji, na mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, kwenye viti vyenye vitambaa, kwa sababu hema lilikuwa langu, jenereta ilikuwa yangu, na mwenye hema haketi nyuma. Alisema Kiganda, kisha akageuza Kiswahili kwa ajili ya Wakongo na maafande waliokuja kumuaga jirani yao. "Mnaiona picha ya marehemu," akasema, "mnaona anavyoficha mikono. Ssalongo aliungua mikono yote miwili akizima moto. Na moto huo uliletwa na kijana mmoja aliyemwajiri, mwizi wa gesi. Alimlisha, akamfundisha kazi, kijana akaiba gesi ya mama mpishi akaitia kwenye gari la mteja." Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Binadamu," akaishia hapo. Halafu msemaji akaninyooshea mkono: "Na sasa tumshukuru Bwana Gesi, aliyetupa kivuli hiki." Wakapiga makofi ya msibani, yale ya kugusanisha viganja tu. Nilisimama nusu, nikainama, nikaketi. Yule kijana mwizi wa gesi alikuwa mimi.

Mtu atauliza nilifuata nini kwenye msiba huo. Nilipigiwa simu na Wasswa, kijana fundi anayenunua vipuri dukani kwangu. "Bwana Gesi, mzee wetu amefariki. Hema hatuna." Mimi ukiniambia huna hema, hema linafika kabla hujamaliza kusema, hilo wanalijua wote walionijua. Nikauliza nyumbani ni wapi, akasema Kyebando. Mzee anaitwa nani? "Wengi walimwita Ssalongo tu. Zamani alikuwa na karakana Wandegeya, ya baridi za magari, hizi AC." Simu niliitoa sikioni nikaitazama, kana kwamba yenyewe ndiyo imesema. Ssalongo ni jina la heshima la baba yeyote aliyezaa mapacha, wako wengi kama kokoto; lakini Ssalongo wa baridi, Wandegeya, alikuwa mmoja. Kumbe huyu Wasswa ni mwanawe, nilimwona akiwa mtoto wa mgongoni, anang'ata kifuniko cha redieta huku mama yake akimtafuta baba. Miaka yote hii ananiita Bwana Gesi akidhani jina limetokana na biashara yangu. Limetokana na uwanja wa baba yake.

Mimi naitwa Opio. Ukoo wangu nauacha. Mtoto wa kambi ya polisi ni mtoto wa kambi, Kiswahili ndicho tulichonyonya, basi. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Leo nina karakana tatu za baridi za magari, ya Kyambogo ndiyo kubwa, na vijana wenye vyeti vya mihuri wanasimama mlangoni kwangu wameshika kofia. Nifunge macho, niletee gari kuukuu lolote, nitakwambia ndani yake kuna gesi gani. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Lakini kazi hiyo niliijua katika mwaka mmoja tu, kwenye uwanja wa Ssalongo, na nimekuwa nikiusimulia mwaka huo kwa watu kama nabii. Siku ya msiba ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa naujua nusu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya maduka ya kuchapa, kule wanafunzi wanakopeleka vitabu vyao vya chuo kufungwa jalada. Mashine zao zilikuwa zinagonga kutwa nzima, tk-tk, tk-tk, mpaka ukirudi nyumbani unazisikia kwenye mto. Chini palikuwa peusi kwa oili, pakavu wakati wa jua, na mvua ikinyesha ukiteleza unafika ukutani umekaa. Kulikuwa na chumba kimoja cha mabati tulichokiita chumba cha gesi, chenye kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe. Ndani yake mitungi ilisimama kama watu wanaongoja daktari. Ssalongo hakuwa na majina ya vitabuni. Gesi ya magari ya zamani, ile ambayo vitabu vinaiita R-12, yeye aliiita gesi ya mzee. Ile iliyokuja baadaye, 134, aliiita gesi ya kijana. "Mzee na kijana hawalali kitanda kimoja, Opio," alikuwa akiniambia. "Ukiwachanganya, kompresa inakufa, na mwenye gali anakuja na panga." Alisema gali, balidi, halufu, kama Waganda wengi wanavyosema Kiswahili, na mimi mtoto wa kambi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, maana kwetu mtu akisema gali alichapwa.

Lakini kwa kazi nilimheshimu, na hata leo siwezi kumnyima. Alinichukua nikiwa na ndevu zangu za kwanza, najua kuchomelea redieta na kupiga kelele, basi. Akaniinamisha juu ya injini ya gari kuukuu, akaniambia tazama. Kwanza tafuta karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, watengenezaji waliandika humo gesi gani. Karatasi ikiwa imechanika, au imeandikwa maandishi ya Kijapani kama miguu ya kuku, tazama mdomo wa bomba. Mdomo wa mzee ni mwembamba, una nyuzi za kuzungushia kifuniko, kama mdomo wa tairi. Mdomo wa kijana ni mnene, hauzungushwi, unabanwa, unalia ta! "Umeona? Umejua?" Nikasema nimejua, Ssalongo. Akanipiga konzi. "Hujajua. Mdomo unasema uongo. Mtu amebadilisha mdomo akaacha tumbo. Gali linakuja na mdomo wa kijana, tumbo ni la mzee. Muulize mwenyewe, uliza geji ya presha, uliza pua." Nikamuuliza pua inahusu nini. Akasema, "Gesi halali hainuki. Mzee hanuki, kijana hanuki. Ukisikia halufu, kuna jambo." Maneno hayo alinipa yeye mwenyewe kwa mdomo wake, jueni hilo, maana mbele yatauma.

Chakula chetu kilikuwa kwa Mama Safi. Alikuwa mama wa Bukavu, mnene wa mabega, mwenye watoto wanne na sauti ya kuita kuku kutoka kijiji cha pili, na kibanda chake cha mbao kilisimama pembeni mwa uwanja, juu ya ardhi aliyoikodi Ssalongo. Alipika ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakawa kama mafuta, na maharage, na samaki wadogo siku za Ijumaa. Mkaa ndio aliopikia, lakini kwa chai na mayai ya asubuhi alikuwa na mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, alioachiwa na watu aliowafulia nguo walipohama. Mtungi ule aliupenda. Aliufunika kitambaa cha maua kama mgonjwa. Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata kibanda kikijaa: hakuna aliyegusa chakula kabla hajamnawisha kwa mkono wake. Alikuja na jagi na beseni, akakumiminia maji ya vuguvugu, akakushika vidole kimoja kimoja kama anahesabu. Mafundi wengine walitania. "Mama Safi, mke wangu mwenyewe hanishiki hivi." Naye akajibu kwa Kiswahili cha kwao, njo yao ndiyo yetu, "Njo maana unakulaka kwangu." Mimi nilikuwa mgeni mjini, sina mtu, na nitasema ukweli: maji yale ndiyo yaliyonifanya niamke asubuhi.

Mwaka ule gesi ya mzee ilikuwa imeadimika. Walikuwa wameacha kuitengeneza huko inakotoka, ati inatoboa anga, na sisi chini ya anga tulikuwa na magari kuukuu yamejaa uwanja. Maduka mengine yaliwaambia wateja poleni, fungueni madirisha. Ssalongo hakusema pole. Akaanza kitu alichokiita kali. Gari likija la zamani, halina kitu tumboni, alinituma sokoni au dukani, akalisukuma hadi mlangoni mwa chumba cha mabati, akaingiza bomba ndani, akarudisha mlango. Nikirudi, gari linatoa barafu. Nasema barafu. Mwenye gari alitoka ndani akipangusa miwani iliyofanya ukungu. "Ssalongo, umeweka nini humu?" "Kali," anajibu, basi. Habari zikatembea. Madereva walikuwa wakisema, ukitaka kutetemeka nenda nyuma ya mashine za kuchapa. Nami nilitembea kifua mbele Wandegeya nzima kana kwamba kali ni uvumbuzi wangu. Nilimuuliza mara moja ndani ya kali kuna nini. Akacheka, "Ukimaliza kujua mdomo na tumbo, nitakupa na roho."

Ndipo gesi ya Mama Safi ikaanza kwisha. Mtungi uliozoea kumaliza mwezi ukawa hauoni wiki ya pili. Asubuhi unamsikia anawasha, jiko linatoa pumzi moja ya buluu, linakufa. "Bana, nani anakulaka gesi yangu?" Mafundi wakamjibu, panya. Wakamjibu, shetani wa Bukavu amemfuata. Yeye hakucheka. Siku moja kabla ya chakula cha mchana nilipita kwenye kibanda, yeye ameenda kuteka maji, nikaunyanyua ule mtungi kuupima uzito. Nilitaka kumwambia kama unavuja, maana mimi wakati huo nilijiona daktari wa kila chenye bomba. Nikausogeza sikioni, nikautikisa. Nilipogeuka, alikuwa amesimama na ndoo.

Hakupiga kelele pale. Alingoja kibanda kijae. Akapita na jagi, akanawisha mtu wa kwanza, wa pili, akafika kwangu, mikono yangu imekwisha kunyooka juu ya beseni, akaniruka. Maji yakaenda kwa jirani yangu. "Mama Safi, umenisahau," nikasema. "Sikukusahau. Miye mwizi simunawishe. Weye ndiye unakunywaka gesi yangu, nimekuona na macho yangu miwili." Nikasikia mashine za kuchapa kama ziko ndani ya kichwa. Mtu mmoja akasema, "Kumbe Opio ana jiko chumbani." Mwingine akasema, "Msimwite Opio, mwiteni Gesi." Kibanda kikavunjika kwa kicheko. Nilimtazama Ssalongo, alikuwa ameketi palepale, mikono yake mibichi kwa maji aliyomiminiwa, anafinyanga tonge. Nilingoja aseme, huyu namdhamini mimi. Akasema, "Gesi, kama una njaa si useme." Kama angenipiga spana ya uso ningeshangaa kidogo kuliko vile.

Sikuondoka. Ningeondoka nikaenda wapi? Lakini kuanzia siku hiyo nilikula muhogo wa kuchoma barabarani, nimesimama, na jina la Gesi likanikamata kama oili kwenye kucha. Nilikuwa na haja moja tu kichwani, nayo ilikuwa ndogo, mtu mwenye akili angeicheka: nilitaka mwanamke yule anishike vidole na kuninawisha mbele ya watu walewale. Nilimsalimu kila asubuhi. "Umeamkaje, Mama Safi." Alipepeta mchele. Nilimkatia kuni, akazipikia, na hakunitazama. Niliwahi kumsikia akimwambia jirani, "Anajua kuomba musamaha na shoka, na mudomo hapana." Nami sikuwa na cha kuombea msamaha.

Siku ya mambo, Hajati Zaitun alileta gari lake jeupe. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke mrefu, mpole wa maneno na mkali wa macho, na gari lile lilikuwa la marehemu mumewe, hangeliuza hata kwa dhahabu. Kali liliwekewa mwezi uliopita, sasa baridi imepungua. Ssalongo alikuwa amekwenda Kyambogo kufuata kompresa. Hajati akasema yeye atakaa humo humo ndani ya gari, jua ni kali, mimi nitazame. Nikafungua boneti nikaanza kama nilivyofundishwa. Karatasi ilikuwa imeliwa na moto wa injini. Mdomo ni mwembamba, wa nyuzi: mzee. Hakuna aliyebadilisha. Nikatoa kifuniko, nikainama, nikabonyeza kile kijipini cha kati kwa ncha ya msumari, kidogo tu, nisikie nguvu iliyobaki.

Ilininukia asubuhi. Sijui niseme vipi. Ilininukia chai, mayai, kitambaa cha maua, ile harufu ya kabichi iliyooza inayotoka mtungi unapofunguliwa kabla ya kiberiti. Jiko la Mama Safi lilikuwa ndani ya injini ya Hajati. Nikabonyeza tena, kwa sababu pua ya mtu inaweza kumdanganya, na ilikuwa ileile. Mambo yote yakaja kwa mkupuo: mlango unaorudishwa, mimi kutumwa sokoni, mtungi kwisha, "kama una njaa si useme." Halafu likaja lililo baya kuliko yote, kwamba bomba la gesi hiyo limepita mpaka nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya mwanamke aliyekaa, na magari ya namna hii tumeyatoa hatujui mangapi, yanazunguka mjini yamebeba watoto wa watu. Nilizunguka nikafungua mlango. "Hajati, teremka." "Kuna nini?" "Teremka, mama, njoo huku kwenye kivuli." Sauti yangu ilikuwa ya kike. Akateremka bila kuuliza tena.

Ssalongo akaingia uwanjani na kompresa begani wakati nimesimama kati ya gari na watu, nimenyoosha mikono kama polisi wa barabarani. Nikamwambia polepole, nilidhani ni siri yetu, nilidhani yeye mwenyewe hajafikiria hatari yake: "Ssalongo, humu kuna gesi ya kupikia. Itaungua." Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Akatua kompresa, akatazama Hajati, akatazama mafundi waliokuwa wanakusanyika, na Mama Safi aliyetoka kibandani na mwiko. Akacheka. "Gesi ya kupikia inaungua jikoni," akasema kwa sauti ya watu wote. "Ikishapita kwa kompresa inakufa. Inakuwa balidi. Umewahi kuona balidi inaungua? Umewahi kuona balafu inashika moto?" Na wallahi, aliamini. Nimelifikiria hili maisha yangu yote. Hakuwa muuaji. Kwake gesi ni gesi, jina moja, kitu kimoja, ikipozwa inakuwa maiti. Mtu aliyenifundisha kwamba mzee na kijana hawalali kitanda kimoja alikuwa amemlaza simba katikati yao, kwa sababu tu wote watatu wanaitwa gesi.

"Nitawaonyesha," akasema. Nikamshika mkono, akaniondoa kama nzi. Alikuwa na mkono wa mtu wa nati. Akainama, akabonyeza kijipini kwa bisibisi, gesi ikapiga ssss, akaomba kiberiti, na mtu mjinga mmoja akampa. Ulikuwa moto mzuri, nitawaambia hivyo. Wa buluu chini, mrefu, haukupiga kelele. Ulimpanda mikononi kama soksi. Alirudi nyuma akitazama vidole vyake kwa mshangao mtupu, hakulia bado, kana kwamba mikono ni ya mtu mwingine na anataka kumwonea huruma. Mimi ndiye niliyemwaga mchanga, mimi ndiye niliyefunika injini kwa gunia bichi, na mtu yeyote aliyekuwapo akisema vingine anadanganya. Mama Safi alimmiminia maji. Jagi lilelile, beseni lilelile. Alimshika mkono akaumiminia maji, ngozi ikawa inamfuata kwenye beseni.

Na hapo, ameketi chini, midomo imekuwa ya kijivu, watu wanauliza ni nini, imekuwaje, Ssalongo akasema: "Gesi ametia gesi ya Mama Safi kwenye gali." Hakuna aliyeona ajabu. Mwizi wa gesi alikuwa anajulikana, jina lake lilikuwa Gesi, nini kingine? Walinigeukia. Nilimtazama Mama Safi, maana yeye ndiye mwenye mtungi, neno moja la kwake lingetosha. Alikuwa amemshika Ssalongo mkono. Alinitazama, safari hii alinitazama hasa, machoni, kwa muda. Kisha akateremsha uso kwenye beseni. Nilitoka mbio mawe yakinisindikiza, na mashine za kuchapa hazikusimama hata dakika.

Yaliyofuata mnayajua, au mngeyajua kama mngenijua. Nilitandika turubai kando ya njia Kyambogo, geji ya kuazima na pua yangu mwenyewe. Mteja wa kwanza alikuwa Hajati Zaitun, na gari jeupe limesukumwa na vijana. Nikamuuliza haogopi mwizi? Akasema, "Mwizi hamwambii mtu ateremke." Akakaa juu ya tairi akaningoja siku nzima. Yeye ndiye aliyewapeleka watu kwangu, akiwaambia nendeni kwa Gesi, na jina likageuka mikononi mwangu kama chapati, upande ulioungua ukawa chini. Magari mengi ya kali yalipita kwangu. Niliyatoa sumu yale moja baada ya jingine, uwanjani, mbali na watu, na kila lilipotoa pumzi nilisikia chai na mayai. Nimejenga nyumba ya ghorofa. Nimesomesha watoto mpaka wanasahihisha Kiswahili changu. Na kati ya hayo yote, katika mlo wowote, mtu akinifungulia bomba ninawe, mkono unasita kidogo.

Basi siku ya msiba, makofi yalipokwisha, niliinuka kama mtu anayekwenda haja, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Wanawake vijana walikuwa wanapakua. Kati yao, kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge cha bluu, mabega yaleyale lakini yamelegea, alikuwa Mama Safi. Sikuwa nimejua kama bado yu hai. Jagi lilikuwa mapajani pake. Hiyo ndiyo kazi waliyompa, kunawisha. Alinitazama kutoka viatu kupanda juu, suti, saa, tumbo. "Gesi," akasema. Si Bwana. "Umenenepa, bana."

Nilikuwa nimeitayarisha hotuba hiyo miaka yote. Ilikuwa ndefu, ina methali. Nikasema tu, "Mama, sikuchukua gesi yako."

"Najua."

"Umejua lini? Amekuambia kabla ya kufa?"

"Hakuniambia kitu. Nilijua tangu mbele, tangu mwanzo." Alikuwa akizungusha jagi polepole. "Weye unasahau nani alikuwa anawanawisha? Mikono yako ilinukaka oili, na sabuni ya kambi. Ya Ssalongo ilinukaka jiko yangu. Kila saa ya kula. Nilimushika vidole, nikasema ndani ya roho yangu, ah, njo huyu."

Niliketi. Hapakuwa na kiti, niliketi juu ya gunia la mkaa, na suti. "Ulijua kabla ya kuniita mwizi?"

"Siku ile nilikuona na mutungi, nilifurahi," akasema. "Nilipata mwizi wa kumusema. Kibanda changu kilikuwa kwenye uwanja wake, mwana yangu. Watoto wane, na makaratasi ya ukimbizi. Ningemuita mwenye uwanja mwizi, ningelala wapi? Weye ulikuwa na miguu. Nilijua utatembea mbali." Akanyoosha kidevu kuelekea hema, jenereta, watu wangu. "Ona."

Nilidhani nimeibiwa jina na mtu mmoja aliyelala kwenye jeneza, kumbe walikuwa wawili, na wa pili nilikuwa nimemsalimu kila asubuhi, nimemkatia kuni. Nilitaka kukasirika na hasira ikaja kweli, ikamkuta yule mama wa watoto wanne ananitazama bila kuteremsha uso. Hakuomba msamaha. Aliita wale wasichana, kwa ile sauti ya kuku wa kijiji cha pili. "Sikilizeni nyinyi. Huyu hakuchukua gesi yangu. Hata siku moja." Wasichana wakatazamana, miiko juu. "Gesi gani, Mama?" akauliza mmoja. Mwingine akacheka, akasema huyu ndiye Bwana Gesi mwenyewe, ataiba gesi ya nini, ana maduka. Wakarudi kwenye masufuria. Wale wote waliokuwa kibandani mwaka ule, walionicheka, hakuna hata mmoja aliyekuwapo kusikia.

"Leta mikono," akasema Mama Safi.

Nikainyoosha juu ya beseni. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Alinishika vidole kimoja kimoja, vya kulia, vya kushoto, kisha akaviinua akavisogeza puani pake, taratibu, akavuta pumzi. Nyuma yetu, maikrofoni ikakohoa. "Bwana Gesi, Bwana Gesi popote ulipo, tafadhali, gari lako limefunga njia. Marehemu hawezi kutoka."

"Niwekee sahani," nikamwambia Mama Safi. Nilipita katikati ya watu na mikono imelowa, sikuipangusa. Nikaingia garini, nikawasha, baridi ikanipiga usoni. Nikainama mpaka pua ikagusa tundu inakotokea baridi, nikavuta. Haikunuka kitu. Nikarudi nyuma, marehemu akapita.